Kura Mbili kwa Mtu Mmoja: Habari za Uchaguzi wa Bunge la Uskoti



Leo twataka kuzungumza nanyi habari za uchaguzi wa nchi iliyo mbali nasi. Huenda mmoja wenu akauliza, "Sisi na Uskoti tuna habari gani?" Kwanza tumkumbushe kwamba Uskoti ndiko alikozaliwa David Livingstone mwaka 1813, yule msafiri aliyekutwa na Stanley pale Ujiji mwaka 1871, na wamisionari wengi waliofungua shule na hospitali katika nchi za Kenya na Malawi walitoka huko. Lakini sababu yetu kubwa si hiyo. Sababu yetu ni kwamba Waskoti wamejaribu kutengeneza jambo linalosumbua watu kila mahali wanapopiga kura, nalo ni hili: wengi wakiisha kushinda, wachache wapate nini?

Tuanze na mfano wa nyumbani. Tuseme kuna vijiji kumi, na kila kijiji kina watu mia moja, nacho hupeleka mjumbe mmoja barazani. Katika kila kijiji watu sitini wampenda mtu wa upande wa kwanza, na watu arobaini wampenda mtu wa upande wa pili. Siku ya uchaguzi kila kijiji chamchagua mtu wa upande wa kwanza, wala hapana mtu awezaye kusema kwamba kijijini kwake kumefanyika hila. Lakini baraza likikutana, wajumbe wote kumi ni wa upande mmoja. Watu mia nne katika elfu hawana hata mdomo mmoja wa kuwasemea. Kila kijiji kimetenda haki, na hata hivyo jumla yake imepungukiwa na haki.

Jambo hili si la kubuni tu. Mwaka 1997 ulifanyika uchaguzi wa Bunge la Uingereza, lile linalokutana London, na Uskoti ilikuwa na viti 72 katika Bunge hilo. Chama cha Conservative kilipata huko Uskoti kura 17 na nusu katika kila mia, yaani watu karibu laki tano. Je, kilipata viti vingapi? Hakikupata hata kimoja. Kura zake zilikuwa zimetawanyika kila mahali, na katika kila jimbo alitokea mtu mwingine aliyezidi. Watu karibu laki tano walikwenda kupiga kura, wakarudi nyumbani, na ikawa kama kwamba hawakutoka.

Katika mwaka huo huo Waskoti waliulizwa kama wataka kuwa na Bunge lao wenyewe. Zamani walikuwa nalo, lakini lilifungwa mwaka 1707 nchi yao ilipounganishwa na Uingereza. Tarehe 11 Septemba 1997 walipiga kura, na watu kama 74 katika kila mia walisema ndiyo. Sheria ikapitishwa mwaka 1998, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika tarehe 6 Mei 1999. Wabunge walipokutana Edinburgh siku chache baadaye, Bibi Winifred Ewing, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, aliwatangazia kwamba Bunge lililoahirishwa tarehe 25 Machi 1707 limekutana tena. Bunge hilo halina amri juu ya vita wala mambo ya nchi za nje, kwa kuwa hayo yameachwa London. Lakini shule, hospitali, mahakama na kilimo cha Uskoti vimo mikononi mwake. Basi mwaweza kuona kwamba uchaguzi wake ni jambo linalomgusa kila mtu nyumbani kwake.

Sasa, waliotunga sheria ya Bunge hilo hawakutaka kurudia lile jambo la vijiji kumi. Tena hawakutaka kumwondolea mtu mbunge wa jimbo lake, yule anayemjua kwa sura na kwa jina, na ambaye aweza kumwendea akiwa na shida. Kwa hiyo walichanganya njia mbili. Bunge lina viti 129. Viti 73 ni vya majimbo, na kila jimbo humchagua mtu mmoja, mwenye kura nyingi kuliko wenzake. Viti 56 vilivyosalia ni vya mikoa. Uskoti imegawanywa katika mikoa 8, na kila mkoa una viti 7 vya nyongeza. Viti hivyo hugawiwa vyama ili kupunguza upungufu uliotokea majimboni.

Ndiyo maana kila mpiga kura hupewa kura mbili. Kura ya kwanza yamwuliza, "Wamtaka nani awe mbunge wa jimbo lako?" Kura ya pili yamwuliza, "Wataka chama gani kipate nguvu katika mkoa wako?" Mtu aweza kumchagua mgombea wa chama hiki katika kura ya kwanza, kisha akachagua chama kingine katika kura ya pili, wala si kosa.

Hapo twafika penye hesabu. Twawaomba msiogope, maana ni kugawanya tu, kule mnakokujua. Nanyi wenye kijitabu hiki mkononi mwaweza kutufuata kwa kalamu. Tuuchukue mkoa wa Glasgow katika uchaguzi wa mwaka 1999, nasi tutataja tarakimu za jumla ili zisiwachoshe.

Mkoa huo ulikuwa na majimbo 10, na chama cha Labour kilishinda yote 10. Lakini katika kura ya pili, ile ya vyama, mambo yalikuwa hivi: Labour kilipata kura kama 112,000, Scottish National Party, ambacho kwa kifupi huitwa SNP, kura kama 65,000, Conservative kura kama 20,000, Scottish Socialist Party kura kama 18,600, na Liberal Democrats kura kama 18,500. Chama cha Labour kilikuwa cha kwanza, lakini hakikufikia nusu ya kura zote za mkoa. Kama wangalifuata njia ya zamani peke yake, kingalichukua viti vyote, na vyama vingine visingalipata kitu.

Kanuni ya kugawa viti saba ni hii. Chukua kura za chama, uzigawanye kwa idadi ya viti ambavyo chama kimekwisha pata, ukiongeza kimoja. Chama kitakachotokea na tarakimu kubwa kuliko vyote ndicho hupewa kiti. Kisha hesabu hufanywa upya, mpaka viti saba viishe. Njia hii iliwekwa na Mbelgiji mmoja, Victor D'Hondt, katika karne ya 19.

Basi tuijaribu. Labour kina viti 10 tayari. Ongeza kimoja, ni 11. Gawanya 112,000 kwa 11, wapata kama 10,200. Vyama vingine havina kitu, kwa hiyo kura zao zagawanywa kwa moja, yaani zabaki vivyo hivyo. Mkubwa wao ni SNP mwenye 65,000, naye apewa kiti cha kwanza. Sasa SNP ana kiti kimoja, kwa hiyo twagawanya kwa mbili, twapata 32,500. Bado ni mkubwa; apewa cha pili. Twagawanya kwa tatu, twapata karibu 21,700. Bado awazidi Conservative kwa kidogo; apewa cha tatu. Twagawanya kwa nne, twapata 16,250. Hapo Conservative mwenye 20,000 atangulia, naye apewa kiti cha nne. Cha tano chaenda kwa Scottish Socialist Party, cha sita kwa Liberal Democrats, na cha saba charudi kwa SNP. Muda wote huo Labour amebaki na 10,200 yake, asimfikie mtu.

Mwisho wa hesabu, Glasgow ilipeleka wabunge 17: Labour 10, SNP 4, na vyama vile vitatu kimoja kimoja. Je, mmeona siri yake? Ni kama mama mwenye busara anayepakua chakula. Hamnyang'anyi mtu alichokwisha kupata, ila kabla ya kuongeza huangalia kwanza sahani ya nani imejaa na ya nani bado tupu.

Nchi nzima ilifuata kanuni hiyo. Labour kilipata viti 56, SNP 35, Conservative 18, Liberal Democrats 17, na viti vitatu vikaenda kwa wengine. Hapana chama kilichopata nusu ya Bunge, kwa hiyo Labour na Liberal Democrats walipatana wakaunda serikali pamoja. Tena liko jambo la kuwafurahisha wenye kupenda mafumbo. Viti 18 vya Conservative vyote vilikuwa vya nyongeza. Katika majimbo 73 hakikushinda hata moja. Na chama hicho ndicho kilichokuwa kimewasihi watu mwaka 1997 wakatae Bunge hilo! Bunge walilolikataa ndilo lililowapa sauti walipokuwa wameikosa kule London. Hivyo ndivyo ilivyo sheria njema: hairudishi kisasi kwa aliyeipinga.

Kama tungaliishia hapa, mngalikwenda zenu mkisema kwamba Waskoti wamekwisha maliza kazi. Lakini sisi walimu twajua kwamba kanuni iliyo sawa kitabuni yaweza kuharibika ubaoni, na hayo ndiyo yaliyotokea mwaka 2007.

Katika mwaka 1999 na mwaka 2003 kila mpiga kura alipewa karatasi mbili za Bunge, moja kwa kila kura. Mwaka 2007 wakubwa waliona afadhali kura zote mbili ziwekwe katika karatasi moja yenye safu mbili: vyama vya mkoa upande wa kushoto, na wagombea wa jimbo upande wa kulia. Juu yake iliandikwa kwamba mpiga kura ana kura mbili. Tena siku hiyo hiyo, tarehe 3 Mei 2007, watu walikuwa wakichagua madiwani wa mabaraza ya wilaya kwa njia nyingine mpya kabisa. Kule hawakutakiwa kutia msalaba, bali kuandika 1, 2, 3 kwa kufuata wampendavyo kila mmoja. Na kura zikahesabiwa kwa mashine. Katika mikoa ya Glasgow na Lothians vyama vilikuwa vingi mno hata karatasi haikutosha, na maagizo ya juu yakafupishwa ili majina yapate nafasi.

Mtu akiingia katika chumba cha kura huwa peke yake, wala hana wa kumwuliza. Wengi walisoma kwamba wana kura mbili, wakatia misalaba miwili katika safu ya kushoto, na safu ya kulia wakaiacha tupu. Kura za namna hiyo zilitupwa. Zilipojumlishwa zote, za jimbo na za mkoa, zilipata kama 146,000. Katika uchaguzi wa mwaka 2003 zilizoharibika hazikufikia hata moja katika kila mia. Mwaka 2007 zile za majimbo zilikuwa kama nne katika kila mia. Na katika jimbo la Glasgow Shettleston, lililojulikana sana kwa umaskini wa watu wake, zilikuwa kama kumi na mbili katika kila mia. Angalieni jambo hilo vizuri, wasikilizaji. Karatasi mbaya haimdhuru kila mtu sawasawa. Humdhuru zaidi yule ambaye tangu hapo alikuwa na sauti ndogo.

Na hasara yake ilikuwa kubwa kiasi gani? Katika jimbo la Cunninghame North mshindi alimzidi mwenzake kwa kura 48 tu, na karatasi zilizokataliwa katika jimbo hilo zilipita elfu moja. Katika Bunge zima SNP kilipata viti 47 na Labour viti 46. Kwa tofauti ya kiti kimoja, Bwana Alex Salmond wa SNP akawa Waziri wa Kwanza wa Uskoti, na chama kilichotawala tangu 1999 kikaondoka. Hatusemi kwamba matokeo yangalikuwa mengine, maana hapana ajuaye waliokosea walitaka nini. Na hilo ndilo lenye kuumiza: walisema, na maneno yao hayakusikika.

Tulipokuwa tukisoma habari hizi pamoja na vijana wetu wanaojifunza ualimu, tuliona vema kuwajaribu. Tuliwachorea karatasi moja yenye safu mbili, majina ya vyama upande huu na majina ya watu upande huu, na juu yake tukaandika maagizo mafupi kwa herufi ndogo. Hatukuwaeleza neno. Wengine walifanya sawasawa. Wengine walitia alama mbili kushoto na kulia wakaacha wazi. Tukamwita mmoja wao, kijana hodari katika hesabu, tukamwuliza kwa nini amefanya hivyo. Akajibu, "Mwalimu, karatasi imesema nina kura mbili, nami nimezitumia zote mbili." Darasa zima likacheka, nasi tukacheka. Kisha tukanyamaza, maana tuliona kwamba kijana hakuikaidi karatasi, aliitii. Kosa lilikuwa letu sisi tulioiandika. Tangu siku ile tumekuwa tukiyatazama mara mbili maswali ya mitihani yetu kabla ya kumwandikia mtoto sifuri.

Waskoti nao walijitazama. Aliitwa mtu kutoka Kanada, Bwana Ron Gould, mwenye ujuzi mwingi wa mambo ya uchaguzi, achunguze yaliyotokea. Taarifa yake ilitolewa mwezi wa Oktoba mwaka 2007. Hakuwalaumu wapiga kura kwamba ni wajinga. Alionyesha kwamba wakubwa na vyama walipokuwa wakishughulika na mambo yao, mpiga kura alisahauliwa. Hata katika majina ya vyama karatasini, chama cha SNP kiliandikwa kwa kutanguliza jina la kiongozi wake, Alex Salmond, na kwa kuwa orodha ilifuata herufi, kikapanda juu. Bwana Gould alishauri kwamba kura mbili zirudishwe katika karatasi mbili, na kwamba uchaguzi wa mabaraza uwe siku nyingine. Wakasikia. Mwaka 2011 karatasi zilikuwa mbili, uchaguzi wa mabaraza ulisogezwa hata mwaka 2012, na kura zilizoharibika zikashuka tena chini ya moja katika kila mia. Kanuni ya hesabu haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni karatasi.

Wala msidhani kwamba njia hii ya kuchanganya haina ila. Katika uchaguzi huo wa mwaka 2011, SNP kilipata viti 69 katika 129, zaidi ya nusu, ingawa kura zake hazikufikia nusu. Chama kikishinda majimbo mengi mno, viti vya nyongeza havitoshi kusawazisha mizani. Tena mbunge wa mkoa hachaguliwi kwa jina lake. Chama chenyewe ndicho kinachopanga nani atangulie katika orodha, na mpiga kura hana la kusema juu ya mpango huo. Kwa hiyo wako Waskoti wanaosema kwamba wabunge wao ni wa namna mbili, na wa namna moja wanawajua kuliko wa namna ya pili. Hata hivyo twadhani ni afadhali mizani iliyopinda kidogo kuliko sahani tupu.

Na ninyi wanafunzi mtapenda kusikia kwamba tangu uchaguzi wa Bunge hilo wa mwaka 2016 kijana wa Uskoti mwenye miaka 16 hupiga kura. Basi mambo haya ya kugawanya kwa mbili na kwa tatu hayafundishwi huko kwa ajili ya mtihani tu.

Kabla ya kuwaaga, turudi kwetu kidogo. Katika Tanzania wako wabunge wa majimbo, na wako wanawake wa Viti Maalum. Viti hivyo hugawiwa vyama kwa kadiri ya kura zao za ubunge, na chama kisichopata angalau kura tano katika kila mia hakipati. Mpiga kura hapewi karatasi ya pili kwa ajili hiyo. Kura yake moja ya mbunge hufanya kazi mbili. Wangapi kati yetu walijua hivyo walipokuwa wamesimama mbele ya sanduku? Mtu aliyeona kwamba mgombea wake hana tumaini jimboni, akabaki nyumbani, amekosa kazi ile ya pili asiyoijua.

Basi twawaachieni maneno mawili. La kwanza ni kwa kila mpiga kura: uliza kabla ya siku yenyewe, maana kuuliza si ujinga, na chumbani hutakuwa na wa kumwuliza, tena isome karatasi yote, juu hata chini, kabla ya kutia alama. La pili ni kwa kila mtu aliyepewa kazi ya kuandika karatasi itakayosomwa na wengine, awe mkubwa wa uchaguzi, karani wa chama cha ushirika, au mwalimu wa shule: mpe kwanza mtu wa kawaida aijaribu mbele yako. Akikosea, usimcheke. Irudishe mezani, uiandike upya.

Kwa herini, wasikilizaji wetu, mpaka tutakapokutana tena.